Gati la maji kujaa, jahazi la maji kupwa: kisa cha reli ndogo ya Tanga iliyojengwa Moshi

Jahazi lenyewe lina urefu wa milimita 175. Lilichongwa na seremala wa Njoro, mjini Moshi, kwa ajili ya meza ya reli, yaani stesheni na treni ndogo za mfano, ya mzee mmoja mstaafu, na lilitoka zuri kiasi kwamba kila aliyefika karakana alitaka kulishika. Lakini siku lilipowekwa mahali pake, kando ya gati, ubavuni mwa mabehewa ya katani, mandhari yote iliharibika. Wote waliokuwapo walisema neno lilelile: kubwa mno. Tukapima. Halikuwa kubwa. Lilikuwa na urefu ule ule ulioagizwa, upana ule ule, na mlingoti ulikuwa mfupi kidogo kuliko ilivyotakiwa.

Nakiandika kisa hiki kirefu kwa sababu kosa lililokuwamo haliko kwenye uchongaji, na kwa hiyo fundi yeyote hodari anaweza kulirudia. Sisi wa bara tunaopenda kuunda vyombo vya pwani tunaanza na umbo: omo, yaani mbele ya chombo, ikae vipi, tezi, yaani nyuma yake, iwe na upana gani, mbao zipinde wapi. Kwenye meza ya reli, la kwanza kuamuliwa ni maji. Yako wapi, yamejaa au yamekupwa, na chombo kimezama ndani yake kiasi gani. Kabla ya hapo, kisu kisiguse mti.

Meza na mwenye meza

Mzee huyu alianza kazi Tanga miaka ya 60, wakati reli na bandari zilikuwa bado chini ya shirika moja la Afrika Mashariki. Zilitenganishwa mwaka 1969. Kwake yeye treni na tishari, lile boti bapa la kufikishia mizigo melini, ni kazi moja, mshahara mmoja, na ndiyo maana alipoamua kuijenga upya stesheni ya ujana wake hakukubali meza isiyo na bahari. Vijana waliomshauri aanze na Moshi, stesheni iliyo umbali wa kutembea kutoka kwake, aliwasikiliza kwa adabu, kisha akaanza na Tanga.

Ana haki. Reli hii ilianzia Tanga. Wajerumani waliianza mwaka 1893, ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905, na Moshi 1911. Arusha ilisubiri hadi 1929, wakati Waingereza walipokuwa wameshika nchi. Kutoka Tanga hadi Moshi ni kilometa 352 za njia ya mita moja. Hicho kipimo cha mita moja ndicho kilichoamua kila kitu mezani, kwa sababu reli na vichwa vidogo ambavyo nduguye alimletea kutoka Ujerumani ni vya skeli ya 1:87 kwenye njia ya milimita 12, aina ambayo kampuni ya Bemo huiuza kwa wapenzi wa reli za milimani za Uswisi. Gawa mita moja kwa 87 unapata milimita 11 na nusu. Tofauti na 12 ni ndogo, jicho haliioni. Kichwa cha Uswisi kilipakwa rangi upya na kufungiwa mbele kinga ya ng'ombe iliyokatwa kwenye kopo la maziwa, na kwa umbali wa hatua mbili kinapita kwa jamaa wa huku.

Faida nyingine ya skeli hii ni kwamba futi moja inakuwa milimita tatu na nusu, karibu kamili. Mzee anafikiri kwa futi, kama watu wa reli wa enzi zake. Hivyo aliagiza kwa futi: jahazi la futi 50, upana futi 16, likizama futi 6 likiwa na mzigo. Seremala akazidisha kwa tatu na nusu, akaandika ukutani kwa chaki: 175, 56, 21. Namba zote tatu zilikuwa sahihi. Tatizo lilijificha katika hiyo ya tatu.

Jahazi lilivyochongwa

Nitakaa hapa kidogo, maana kazi ya fundi huyu inastahili kuelezwa.

Alitumia mringaringa, mti wa kihamba, shamba la nyumbani la Wachaga, ule unaoachwa kuitilia kahawa kivuli na ambao wazee wameutumia kwa mizinga ya nyuki. Ni mwepesi, haupasuki ovyo, na kisu kinapita bila kung'ang'ania. Hakuchonga gogo zima. Alipasua vibao vya unene wa milimita 6, akavikata kila kimoja kwa umbo la chombo kwenye kimo chake, kile cha chini chembamba, cha juu kipana, akavipanga kimoja juu ya kingine na kuvigandisha kwa gundi nyeupe ya mbao. Ilipokauka alikuwa na kitu chenye ngazi ngazi kila upande. Kisha akaziondoa zile ngazi kwa patasi na msasa, akijikagua kwa vigezo vya kadibodi, kimoja kwa kila sehemu ya chombo: omo, kifua, katikati, na tezi. Kigezo cha kushoto hukigeuza kikawa cha kulia, na kwa njia hiyo mbavu mbili hazitofautiani.

Mafundi wa majahazi wa pwani hujenga chombo kizima bila mchoro wa karatasi, kwa jicho na kwa mkono uliozoea. Sisi hatuna jicho hilo. Vigezo ndivyo jicho letu, na sioni aibu yoyote katika kuvitegemea.

Tezi aliikata bapa, kama jahazi na mashua zinavyotakiwa. Chombo kilichochongoka pande zote mbili kingekuwa dau. Mistari ya mbao za ubavuni aliipitisha kwa ncha ya kisu, kidogo tu. Nimeona modeli nyingi ambazo mistari hiyo imechimbwa hadi milimita moja kwenda ndani. Milimita moja kwa 87 ni sentimita karibu 9. Chombo chenye nyufa za sentimita 9 kingezama kabla ya kung'oa nanga. Mkuku, ule uti wa chini kabisa wa chombo, aliuweka kwa kipande chembamba cha mninga, mweusi kidogo kuliko mwili, kwa kuwa alitaka uonekane.

Na ulionekana. Hapo ndipo penye kisa.

Kwa nini macho yalisema kubwa mno

Bahari ya mzee ilikuwa karatasi moja ya plaiwudi ya milimita 9, imepakwa rangi ya kijani kibichi na vanishi juu. Ukiweka chombo kizima juu ya ubao bapa, hakizami. Kinasimama juu ya mkuku wake. Zile milimita 21 zilizotakiwa kuwa chini ya maji zilikuwa zote juu, na kwa hiyo ukingo wa jahazi ulipanda milimita 21 kupita mahali pake. Kwa kipimo cha kweli ni futi 6, urefu wa mtu mrefu. Sitaha ya jahazi ikawa juu ya sakafu ya behewa. Kibarua wa milimita 19 aliyesimama gatini akawa anatazama mbao za ubavu badala ya kutazama mzigo ndani.

Jicho halijui kusema "hiki kimepanda". Jicho linaona eneo kubwa la mbao, linaona watu waliofunikwa, linahitimisha kwamba chombo ni kikubwa. Tungelifuata jicho tungeagiza jahazi jingine dogo, la futi 40 au 35, nalo lingekaa pale pale juu ya mkuku wake, likionekana dogo na bado la ajabu. Nadhani hii ndiyo sababu wajenzi wengi wanabadilisha vyombo mara kwa mara bila kuridhika.

Dawa inayojulikana na kila mjenzi wa meza za reli ni kukata. Chombo kinajengwa kuanzia mstari wa maji kwenda juu, chini bapa, kinakaa juu ya ubao na kuonekana kimezama. Na hapa ile njia ya vibao vilivyopangwa ina neema yake: ukipanga unene wa vibao vizuri, kiungo kimoja cha gundi kinaangukia kwenye mstari wa maji wenyewe, na unaweza kuacha kujenga vya chini yake kabisa. Lakini vibao vya fundi vilikuwa vya milimita 6, na mstari wa maji ulikuwa milimita 21. Sita, kumi na mbili, kumi na nane, ishirini na nne. Mstari ulipita katikati ya ubao wa nne, penye mti mtupu. Kukata kungehitaji msumeno kupita kwenye mbavu zilizokwisha kulainishwa.

Mzee alikataa kabla msumeno haujatajwa mara ya pili.

"Mwanangu, chombo bila mkuku kitakwenda wapi?"

"Babu, hakiendi popote. Kimefunga gati."

"Hata kikifunga. Mimi nitajua."

Sikuliona hilo kuwa ukaidi. Meza ni yake, kumbukumbu ni zake, na mtu aliyeona vyombo vikipandishwa pwani kupakwa deheni, ule mpako wa kukinga tumbo la chombo, anajua kwamba nusu ya chombo iko chini. Wazo la pili lilikuwa kutoboa ubao na kuliteremsha jahazi ndani ya tundu. Inawezekana, na wengine hufanya. Ila tundu lina mzingo, na mzingo unahitaji kuzibwa kwa kitu kinachofanana na maji. Plaiwudi hutuna wakati wa masika na hukaza wakati wa kiangazi, na ufa mwembamba utajitokeza kuzunguka chombo. Kwa jahazi ufa huo ungekuwa kama duara lililochorwa kwa kalamu. Zaidi ya hayo, chini ya mahali pale palipita boriti ya meza na nyaya za swichi ya njia. Tuliliacha.

Bamvua

Jibu lilitoka kwa mzee mwenyewe, na lilitoka alipokuwa akilalamikia kitu kingine. Alisema ukuta wa gati lake ni mfupi mno. Anakumbuka vibarua wakiteremka kwa ngazi kufikia tishari, wakitazama juu kumwona karani. Kwenye meza yake, gati lilikuwa milimita 25 juu ya maji. Hizo ni futi 7. Ukiwa juu ya gati la namna hiyo unakaribia kurukia chomboni.

Sasa hesabu ikaanza kujipanga. Pwani ya Tanga, maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa kuliko siku nyingine, hupanda na kushuka mita 3 na zaidi kidogo kati ya kujaa na kupwa. Chukua futi 11. Kwa skeli yetu ni milimita 38 na nusu. Kwa hiyo gati moja lina vimo viwili: milimita 25 maji yakiwa yamejaa, na kama 63 yakiwa yamekupwa. Gati alilojenga mzee lilikuwa la maji kujaa. Kumbukumbu yake ya ngazi ni ya maji kupwa. Na jahazi lake, lenye mkuku, tumbo na usukani mzima, ni jahazi la maji kupwa pia, kwa sababu ni wakati huo tu mtu anaweza kuliona lote, likiwa limepwelewa mchangani. Vitu viwili vya saa mbili tofauti vilikuwa vimewekwa kwenye meza moja, na hakuna rangi wala msasa ungeweza kuvipatanisha.

Mara hili lilipotamkwa, njia zilibaki mbili tu, na zote ni halali. Ama maji yajae: gati libaki milimita 25, vyombo vyote vikatwe kwenye mstari wa maji, bahari ifike hadi ukutani, na ufuko usionekane. Ama maji yakupwe: ubao wa bahari ushushwe, ukuta wa gati ufichuke hadi milimita 63, na jahazi liwe mchangani na mkuku wake. Njia ya kwanza ni rahisi mno, na kwa meza nyingine ningeipendekeza bila kusita. Kwa mzee huyu ya pili ndiyo iliyokuwa yake. Bahati nzuri ubao wa bahari ulikuwa umekaa juu ya vipande vya mbao na haukugandishwa kwenye fremu. Fundi alivitoa vipande, akaweka vifupi, na bahari ikashuka milimita 38 jioni ileile.

Uamuzi huo ulibeba mambo ambayo hatukuyatarajia, na ndiyo ninayoyaona kuwa nyama ya kisa chote.

La kwanza ni rangi ya ukuta. Gati lililofichuliwa na maji kupwa halina rangi moja. Juu pana sehemu kavu ya zege. Chini ya mstari wa maji kujaa pameshika weusi na ukijani, na chini zaidi chaza wameng'ang'ania. Mpaka kati ya sehemu hizo ni mstari mlalo ulionyooka kabisa, milimita 38 juu ya bahari, na lazima upite kwa kimo kilekile kwenye kila nguzo, kila ngazi na kila jiwe la meza nzima. Fundi alifunga penseli kwenye kibao cha kimo hicho na kuisukuma juu ya ubao wa bahari, ikichora yenyewe. Chaza alivifanya kwa unga wa msumeno uliochekechwa, juu ya gundi, kisha rangi ya kijivu iliyokauka nusu.

La pili ni saa. Hili lilimfurahisha mzee kuliko yote. Bamvua huja mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, na pwani hii maji ya bamvua hujaa karibu na saa kumi na kukupwa karibu na saa nne. Kwa hiyo mandhari ya maji yaliyokupwa kabisa na mchana mkali ni ya saa nne asubuhi. Mji wa Tanga uko upande wa kusini wa ghuba, na mtazamaji wa meza hii amesimama baharini akitazama nchi kavu, yaani anatazama kusini. Mashariki iko kushoto kwake. Taa iliyokuwa katikati ya dari ilihamishwa kushoto na kuinuliwa, na vivuli vya mabehewa vikaanguka upande wa kulia, vifupi. Sikuwahi kuona meza ya reli ambayo kupwa kwa maji kumeamua mahali pa kuning'iniza taa, na nimeipenda mantiki yake.

La tatu ni ufuko, na hapa sikubaliani kabisa na walichofanya. Mchanga unatakiwa kupanda kutoka baharini hadi mstari wa maji kujaa, milimita 38. Ukiupa mteremko wa pole wa moja kwa kumi na tano, unahitaji karibu milimita 570 za meza. Walikuwa na 260. Fundi aliujenga wote ndani ya nafasi hiyo, ukawa mteremko wa moja kwa saba, na jahazi lililolazwa juu yake kuelekea nchi kavu likainua omo milimita 25. Linaonekana linapanda mlima. Mimi ningeacha sehemu ya chini ya ufuko iwe karibu bapa, jahazi likae hapo, na kimo kilichobaki kifichwe kwa ukuta mfupi wa mawe ya matumbawe nyuma yake, chini ya njia ya treni. Walikubali nusu: jahazi limegeuzwa, sasa limelala sambamba na ufuko, na mkuku uko mlalo. Ukuta wa matumbawe bado.

Chombo cha treni ni tishari

Kuna jambo ambalo lilikuwa halijaulizwa tangu mwanzo: treni inampa nani mzigo? Mabehewa yale yamebeba katani, na katani ya Tanga ilikwenda ng'ambo kwa meli. Gati la Tanga lilikuwa na kina kidogo, kama mita 3, hivyo meli zilitia nanga ghubani na mizigo kufikishwa kwa matishari. Hali hiyo iliendelea hadi miaka ya karibuni, bandari ilipochimbwa na kina kikafika mita 13. Katikati ya miaka ya 60 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka, na sehemu kubwa ya mashamba ilikuwa kando ya reli hii. Kwenye meza ya enzi hizo, aliyesimama mlangoni mwa behewa anatazama tishari. Jahazi ni la wafanyabiashara wa mwambao: nazi, boriti za mikoko, samaki wakavu, abiria wa Pemba. Lina mahali pake, pembeni, mchangani.

Tishari ni rahisi kulijenga na hakuna anayelipenda, na kwa sababu hiyo huchongwa bila kufikiriwa. Ni boksi. Fundi alilitengeneza kwa kadibodi ngumu iliyofunikwa karatasi ya manila, futi 60 kwa 18, kimo futi 8, yaani milimita 210 kwa 63 kwa 28. Swali ni hili: likatwe wapi? Maana tishari haliendi mchangani, linaelea, na chini lazima liwe bapa kwenye mstari wa maji.

Hapa mzigo unatoa jibu lenyewe. Futi 60 kwa 18 ni mita za mraba 100. Kila sentimita 10 ambazo tishari linazama, linasukuma mita za ujazo 10 za maji, na hizo ni tani 10 na kidogo kwa maji ya chumvi. Robota la katani lina kilo 250. Kwa hiyo marobota 40 yanalizamisha sentimita 10, sawa na milimita moja na kidogo mezani. Tukichukulia kwamba tupu linazama nusu mita, ukingo wake uko milimita 22 juu ya maji. Pakia marobota 200, tani 50, linazama nusu mita nyingine na ukingo unashuka hadi milimita 16 na nusu. Jicho linaiona tofauti hiyo vizuri. Kabla ya kukata, mzee aliulizwa: Babu, saa nne asubuhi hii, marobota mangapi yameshaingia? Akafikiri, akasema wameanza tangu saa moja, weka mia na hamsini. Likakatwa kwa mia na hamsini, milimita 18 juu ya maji.

Wapo watakaoona hii ni kupita kiasi kwa boksi la kadibodi. Mimi naona ndiyo heshima ambayo tishari limekosa siku zote. Ukiliangalia sasa unajua lina mzigo hata kabla ya kuona marobota, kwa jinsi lilivyokaa.

Maji yenyewe hayakuwa na hadithi ndefu. Ghuba ya Tanga imekingwa, na kiwimbi cha sentimita 10 ni milimita moja tu kwa skeli hii. Vanishi tabaka kadhaa, brashi ikigongwagongwa juu ya tabaka la mwisho, basi.

Tanga, foromali na kamba

Jahazi lilipotoka karakana lilikuwa limetweka tanga, kitambaa cheupe cha pamba, limejaa upepo. Lilipendeza mno likiwa mkononi. Mchangani, likiwa limepwelewa, haliwezi kuwa na tanga juu. Mzee aliona hilo mara moja, ila lilimuuma, na fundi lilimuuma zaidi maana alilishona kwa mkono. Kulikuwa na kasoro nyingine: uzi wa kitambaa kile ni kama milimita 0.3, na mara 87 ni sentimita 2.6. Mabaharia wangekuwa wanatweka mkeka wa kamba. Tanga la sasa ni karatasi nyembamba ya kufungia viatu vipya, iliyolowekwa kwenye chai ya rangi, ikakunjwa ingali mbichi na kufungwa juu ya foromali, ule mti wa kubebea tanga, iliyoshushwa. Kitambaa kimehifadhiwa kwenye kabati la vioo sebuleni, kama kilivyostahili.

Mlingoti ni kijiti cha mshikaki. Unene wake wa milimita 3 ni sentimita 26 za kweli, inafaa kabisa kwa shina la mlingoti wa jahazi, ila ncha inyolewe iwe nyembamba. Ulikuwa umesimikwa wima. Umeng'olewa na kusimikwa upya ukiinamia omo, kama milingoti ya vyombo vyetu inavyoinamia, na badiliko hilo la digrii chache limelifanya jahazi lifanane na la kwetu kuliko kitu kingine chochote kilichofanywa. Foromali ilikuwa fupi. Foromali ya jahazi hukaribia urefu wa chombo na mara nyingine huuzidi, na kwa kuwa mti mmoja hautoshi huungwa kwa miti miwili au mitatu iliyofungwa kwa kamba katikati. Fundi aliunga vijiti viwili kwa uzi, akapata milimita 182. Henza na kamba nyingine ni uzi wa cherehani uliopitishwa kwenye nta ya nyuki, usiwe na manyoya.

Kwa kuwa tumbo sasa liko wazi, rangi yake haikuweza kubaki ya vanishi. Chini ya mstari wa maji pamepakwa weupe uliofifia, kama deheni ya chokaa na shahamu iliyoanza kuchakaa, na juu yake rangi ya kahawia nzito isiyong'aa, ya mbao zilizonyweshwa sifa, yaani mafuta ya papa, miaka mingi. Mkuku wa mninga alioujali fundi umefunikwa na deheni hiyo, lakini umbo lake linaonekana, na sehemu yake ya chini imezama milimita mbili kwenye mchanga. Gadi mbili kila ubavu zinalizuia lisilale. Hizo nazo zimezama mchangani kidogo. Gadi iliyosimama juu ya mchanga bila kuutoboa ingeturudisha kule kule tulikoanza.

Kilichobaki ni ukuta wa matumbawe na kamba za kufungia tishari. Zile zilizopo zimekazwa moja kwa moja kutoka gatini. Chombo kinachoshuka futi 11 kwa muda wa saa sita kikifungwa hivyo kitaning'inia au kitakata kamba, kwa hiyo zinatakiwa ziwe ndefu, zifungwe mbali mbele na nyuma, na zilegee. Fundi ameshazikata. Mzee ameagiza na mashua moja ya futi 28, ya kuelea, na safari hii vibao vinapasuliwa kwa unene wa milimita tatu na nusu, kibao kimoja kwa futi moja ya kimo, ili mstari wa maji uangukie penye gundi.